Mwaka Nilipopima Mashine Mara Mbili

Jumamosi, tarehe 9 Mei. Mvua ilianza kabla ya kupambazuka, nyembamba, isiyo na kelele, ikakatika saa tatu tulipokuwa tunapanda kilima cha makaburi. Jua lilipotoka, udongo mwekundu ulianza kutoa mvuke, na watu wakavua makoti.

Leo tumemzika Gasana, aliyekuwa bosi wangu wa kwanza na wa mwisho. Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwake kunawa mikono, kama desturi ya hapa inavyotaka, na nilikuwa nimeinamia beseni, maji yanapita kwenye vidole, niliposikia nyuma yangu mtu anasema, "Dada Dati, acha na sisi maji kidogo." Sikuhitaji kugeuka. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana, lakini nimeisikia kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Alikuwa Bahati. Amekuwa mnene, nywele zimepungua, na miwani ameining'iniza shingoni kwa kamba. Alikuwa ametoka Kigoma kwa basi, akavuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda, amekaa njiani siku mbili kwa ajili ya kumzika mtu aliyemnyima mkataba. Hivyo ndivyo nilivyofikiri wakati ule, mikono ikiwa bado inadondosha maji: mtu aliyemnyima mkataba, kwa sababu yangu. Nikamwambia aje kula kwetu jioni. Akasema atakuja, ana kitu cha jikoni kwenye begi na kinaanza kunukia.

Sasa ni mchana, nyumba imetulia, naye hajafika. Naandika kwa haraka kuhusu mwaka ule kabla hajaja kunisimulia kwa namna yake, maana nikishasikia ya kwake sitajua tena ipi ni kumbukumbu yangu. Sijui kama ninaweza kuandika jambo refu hivi. Shule yangu iliishia kidato cha pili, huko Ngara, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuandika mistari mitatu au minne kila siku: hali ya hewa, nani amekuja, tumekula nini. Lakini madaftari ninayo, na daftari la mwaka ule liko hapa mezani.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kawaida Nyakabanda, hapa Kigali, kwenye mteremko, na chini yake fundi wa milango ya chuma alichomelea kutwa. Kazi ya ofisi ilikuwa kutunza kompyuta za watu wengine: maduka, shule mbili, wauza dawa, wakala wa mizigo. Kila mteja alikuwa na kompyuta yake kwetu, na zote zilipangwa kwenye chumba kilichokuwa jiko la nyumba ile. Hili jambo lilinichekesha tangu siku ya kwanza, maana mimi niliajiriwa kupika. Jiko lilikuwa na vigae vyeupe, sinki lililozibwa kwa ubao, hata misumari ya kutundikia sufuria ilikuwa bado ukutani, lakini ndani mlikuwa na baridi kama ya alfajiri na mngurumo usiokwisha. Mpishi, yaani mimi, alikuwa nje, uani, chini ya mabati matatu, na imbabura yake, jiko la mkaa. Nilipikia watu sita kila siku. Dirisha la jiko lilielekea uani, na kwa kuwa kioo chake kimoja kilitolewa ili kupitisha bomba la kiyoyozi, kila kilichosemwa ndani nilikisikia nikiwa namenya ndizi.

Bahati ndiye aliyenitoa kwenye mkaa, na hilo lazima liandikwe kabla ya yote. Alikuwa kijana wa Bukavu, mrefu, mwenye kucheka kabla hajamaliza sentensi, na alikuwa ameajiriwa kwa majaribio kutunza mitambo. Siku moja alikuja kuchukua maji ya moto akaniona naandika kwenye daftari. Akauliza naandika nini. Nikamwambia, mvua na chakula. Akasema, "Kila siku?" Nikasema kila siku. "Basi wewe ndiye tunakutafuta. Sisi humu hakuna mwenye anaandika kitu." Akanifundisha kuchapa kwenye kompyuta kuukuu iliyokosa kibonyezo cha herufi moja, na waraka wangu wa kwanza ulikuwa orodha ya vyakula vya wiki: Jumatatu ubugari na dagaa, Jumanne wali na maharage, Jumatano isombe, ndiyo kisamvu. Aliubandika mlangoni kama cheti. Baada ya miezi michache nilikuwa napika hadi saa saba, kisha navaa sweta na kuingia jiko la baridi kuandika joto la chumba, kelele ya kila mashine, na nani alipiga simu kulalamika.

Mwaka ule Gasana alinunua kompyuta mbili kubwa mno, zilizobebwa na watu wanne kila moja, na akatangaza kwamba zile ndogo zote zitaondoka. Kila mteja atapewa mashine pepe. Sikuelewa. Bahati alinieleza uani akiwa amekalia ndoo: mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake; inaishi ndani ya ile kubwa, pamoja na wenzake, kila moja ikifanya kazi zake kama ilivyokuwa inafanya zamani. Nikauliza, "Yenyewe inajua kwamba haina mwili?" Akanitazama, akaacha kucheka. "Dada, ndiyo swali yenyewe hiyo. Kuko zenye zinajua, na kuko zenye hazijui."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Ukitaka kuunda mashine pepe mpya, kabla ya jambo lolote, fomu kwenye kioo inakuuliza unaitaka kwa hali ipi. Ofisini tulizipa majina yetu. Hali ya kwanza tuliiita ya kudanganywa: unaisakinisha mashine ndogo kama ilivyo, nayo inaamini ina diski yake, kadi yake ya mtandao, kila kitu chake, na ile kubwa inafanya kazi ya kuigiza vitu hivyo vyote. Faida yake, inapokea programu yoyote, hata ya kizamani, bila kubadilisha kitu. Hasara yake, kuigiza kunachosha. Hali ya pili tuliiita ya kuambiwa: mfumo wa mashine ndogo unarekebishwa tangu mwanzo ujue uko ndani ya mwenzake, na ukitaka kitu unakiomba moja kwa moja bila maigizo. Inakwenda mbio. Lakini si kila programu inakubali kurekebishiwa mfumo wake. Na ukishachagua, umechagua. Kubadilisha maana yake ni kuijenga mashine upya.

Gasana alikuwa wa kudanganywa. Alikulia Kampala, alizungumza Kiswahili cha kukimbia huku anatafuna. Meza yetu ya chakula ilikuwa mlango wa mbao uliolazwa juu ya masanduku ya kompyuta, na juu ya mlango ule nimesikia hoja zaidi ya zile nilizosikia kanisani.

"Bahati, wewe uko unapenda mbio," Gasana alisema. "Kastoma yeye iko na programu ya zamani, iko imezoea. Utaenda kuiambia nini? Acha ilale, ifanye kazi."

"Bosi, inalala kabisa! Ndiyo shida. Ile mashine kubwa inabeba mizigo mbili, ya kazi na ya kudanganya."

"Mana yanjye, Mungu wangu. Kwani watu wangapi hapa wanafanya kazi vizuri kwa sababu hawajaambiwa kila kitu?"

"Bengi," Bahati alisema, "lakini hawafanyi haraka."

Watu wakacheka, hata Gasana. Kisha Gasana akafuta mkono, akaacha kucheka, na kusema maneno ambayo niliyaandika jioni ile kama nilivyoyasikia: "Mimi nimechoka maneno. Nataka kupimiwa. Bahati, majaribio yako yanaisha tarehe moja, si mwezi ujao, ule mwingine. Kama hali yako iko mzuri kama unavyosema, nakupa mkataba ya mwaka. Kama hapana, kila mtu ashike njia yake. Na atakayepima ni Dativa. Yeye hana upande, na anaandika."

Sijawahi kupewa heshima kubwa hivyo, na sijawahi kuogopa hivyo. Mtu aliyenifundisha kuchapa, riziki yake ikawekwa kwenye saa ya simu yangu. Nilipewa wiki moja. Bahati alinitengenezea mashine mbili, moja ya kila hali, ndani ya ile kubwa ambayo tayari ilitunza mafaili ya wateja wote, kisha akakaa mbali makusudi. Siku mbili za mwisho alikwenda Rusizi, mpakani na Bukavu, kumpokea mke wake, ili asije akasemwa amenisogeza mkono. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: kunakili folda moja kubwa, kufungua orodha moja ndefu mara kumi, kuandika muda. Ya kudanganywa niliipima Ijumaa mchana. Nilianza kunakili nikaenda kuchemsha chai, nikanywa kikombe kizima, nikasugua sufuria, nikarudi, bado inahangaika. Ya kuambiwa niliipima kesho yake. Nilimimina chai, na chai haijapoa vya kunyweka, imemaliza.

Jumatatu nilisoma karatasi yangu mezani. Gasana aliichukua, akaisoma mwenyewe polepole, akampa Bahati mkono. "Umenishinda. Jenga." Bahati alinyanyua kifuniko cha sufuria akakipiga kama ngoma. Mashine zote tisa za wateja wa kwanza zikajengwa kwa hali ya kuambiwa, na mkataba wa mwaka ukapelekwa kuchapwa, ungojee hiyo tarehe moja.

Aliyeanza kutuonyesha ukweli alikuwa Mama Hadija. Huyu alikuwa Mtanzania wa Tabora, mwenye duka la dawa za jumla mtaa wa Gitega, mwanamke mpana, mwenye kanga begani hata akiwa amevaa gauni la ofisi. Programu yake ya kuhifadhi orodha ya dawa ilikuwa ya zamani kuliko kampuni yetu. Ili ikae kwenye mashine ya kuambiwa, Bahati aliitilia viraka vitatu, na kila asubuhi kiraka kimoja kilifumuka. Asubuhi moja alipanda ngazi zetu mwenyewe, akahema mlangoni, akaniona mimi wa kwanza.

"Mwanangu, niliwakabidhi mashine yangu nzima, inatembea. Sasa mmeihamishia wapi? Mbinguni?"

"Iko hapa, mama. Iko ndani ya ile kubwa."

"Ndani ya ile kubwa! Basi iambieni itoke ije dukani. Mama wa watu anasubiri dawa ya mtoto, mimi natazama kioo, kioo kinanitazama. Nikizima inaamka, ikiamka inasinzia. Hii ni mashine au mume wangu?"

Gasana alimkalisha, akamletea soda, akamwambia hali ile ilichaguliwa kwa vipimo, si kwa kubahatisha, na kwamba Dativa ataleta vipimo hivyo vikiwa vimeandikwa vizuri, avione kwa macho yake. Mama Hadija akanitazama kuanzia kichwani. "Lete, mwanangu. Kusoma najua."

Ndiyo maana nilichukua daftari, nikaketi uani kunakili kwa usafi. Na kwa kuwa mimi siwezi kunakili namba bila kusoma mistari ya juu yake, nikasoma. Ijumaa: *Jua kali. Mwisho wa mwezi, wateja wote wako ndani, simu hazipumziki, jiko la mashine limepata joto. Wali, maharage.* Jumamosi: *Manyunyu. Umuganda. Tumechimba mtaro hadi saa tano, nimeomba ruhusa niukose mkutano wa baada ya kazi. Nimefika ofisini viatu tope. Mji kimya, hakuna duka lililo wazi. Hatukupika.*

Nilisoma mara mbili. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nchi nzima iko barabarani na majembe na mafyekeo, ndiyo umuganda, na asubuhi ile, saa niliyokuwa naipima ya kuambiwa, hakuna mteja hata mmoja aliyegusa kompyuta. Mashine kubwa ilikuwa tupu. Ya kudanganywa niliipima siku ambayo kila mtu alikuwa mgongoni mwake. Nilikuwa nimewashindanisha watu wawili, mmoja amebeba gunia, mwingine mikono mitupu, halafu nikaandika nani ana mbio. Mimi, niliyeteuliwa kwa sababu sina upande. Na udongo wa umuganda nilikuwa nimeufagia mwenyewe kutoka sakafuni, wala haukuniambia kitu.

Nataka kuwa mkweli kuhusu saa zilizofuata. Nilifikiria kunyamaza. Sikufikiria kidogo, nilifikiria sana, na nilipata sababu nzuri. Mkataba wa Bahati ulikuwa umebakiza siku tisa uanze. Mke wake alikuwa ameshafika, wamepanga chumba, amepaka ukuta rangi. Kuna karatasi moja tu, na mwenye kuielewa ni mimi peke yangu. Namba zote zilikuwa za kweli. Sikudanganya hata moja. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwamba kila namba ilikuwa ya kweli.

Bahati alipotoka kuchukua maji ya moto, nilimwonyesha mistari miwili, kidole changu juu ya neno *umuganda*. Alisoma akiwa amesimama. Akakaa juu ya ndoo.

"Umeambia nani?"

"Hakuna."

Fundi wa chini alichomelea, akaacha, akachomelea tena. Kisha Bahati akasema, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika, "Dada Dati, umeniletea mimi kwanza kwa sababu gani? Unataka nikuambie unyamaze?"

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kujibu. "Ndiyo. Nilitaka uniambie wewe."

"Halafu ikuwe yetu wawili."

"Ndiyo."

Akainuka kwenye ndoo. "Basi sitakuambia," akasema, akaenda zake, maji ameyaacha.

Niliamini urafiki umekwisha. Kesho yake nilipoingia jiko la baridi, nilimkuta ameshatengeneza mashine mbili mpya, moja ya kila hali, na amechora mistari kwenye karatasi. Hakunisalimu kwa utani wake. Alisema tu, "Tunapima sawasawa. Saa ile ile, siku za kazi, kwa zamu. Leo ya kwanza inatangulia, kesho ya pili." Tukapima siku tatu. Siku ya pili alifanya jambo ambalo hakuna mtu angemlaumu kama asingelifanya. Alisema kuna programu ndogo, videreva, ambazo ukiziweka ndani ya ile ya kudanganywa zinaipunguzia maigizo: inaendelea kuamini ina mwili wake, lakini kwenye diski na mtandao inajua njia ya mkato. "Tunaidanganya," alisema, "ila mambo mawili tunaiambia." Ilikuwa hoja ya kumwangusha yeye mwenyewe, na aliiweka kwa mikono yake. Mwisho wa siku ya tatu tofauti ilikuwa ndogo hivi kwamba nililazimika kurudia hesabu nione ipi imetangulia. Kwa programu mpya, yake ilikuwa bora kidogo. Kwa za kizamani, kama ya Mama Hadija, ya Gasana ilikuwa bora kwa mbali, kwa sababu angalau ilisimama kwa miguu yake.

Tulimwambia Gasana mchana, juu ya ule mlango, nilikuwa nimepika isombe. Nilisoma karatasi zote mbili, ya zamani na mpya, na nikasema kosa ni langu. Gasana aliendelea kula. Alikuwa na tabia hiyo, ya kutoacha chakula kipoe kwa ajili ya habari mbaya. Alipomaliza akauliza, "Nani aliona?"

"Ni Dati aliona," Bahati akasema. "Mimi nilipima naye."

"Na videreva, nani ameweka?"

"Mimi."

"Ulikuwa unajua tarehe moja inakuja?"

"Nilijua, bosi."

Gasana akaichukua karatasi ya zamani, akaweka kidole penye siku. "Iyi karatasi nimeisoma na macho yangu. Imeandikwa Jumamosi. Iyo Jumamosi mimi mwenyewe nilikuwa na jembe kwenye mtaro, nimepigwa na manyunyu. Sikuona. Kwa hiyo kosa ni ya watatu, msinipunje." Hakutabasamu, lakini hakuna aliyeonewa. Kisha akatoa uamuzi wake. Mashine za wenye programu za zamani zijengwe upya, ya Mama Hadija iwe ya kwanza. Na mkataba wa mwaka hauwezekani, maana aliutoa kwa jambo ambalo halikuwa hivyo. Atampa Bahati miezi sita, ya kazi hiyo ya kujenga upya, baadaye wataona.

Miezi sita ilipita vizuri, hilo lazima niseme. Mama Hadija alituletea sinia la pilau, akasema mashine yake imerudi kuwa na akili. Mimi nikapewa kazi ya kujaza ile fomu kwa kila mashine mpya, na ninaijaza mpaka leo, ingawa jina la kampuni limebadilika na jiko halipo tena. Niliomba jambo moja, Gasana akakubali: chini ya vipimo paongezwe mistari miwili, *ilipimwa siku gani* na *nani wengine walikuwa ndani*. Vijana wanaokuja sasa wanaijaza bila kuuliza, wanafikiri ilitoka kiwandani. Bahati alirudia utani wake baada ya wiki kadhaa, ila si wote. Miezi sita ilipoisha aliondoka na mke wake na rangi yao iliyobaki kwenye kopo. Aliniaga kwa mkono. Hakusema kama ameombwa kubaki, nami sikuuliza. Tangu siku hiyo nimejiuliza kama nilimharibia mtu maisha kwa ajili ya usafi wa daftari langu.

Nilikuwa nimefika hapa aliposukuma geti.

Amekaa jikoni na mimi, jiko halisi safari hii, lenye moto. Mume wangu, Baba Keza, alitaka kumpeleka sebuleni, akakataa, akasema alizoea kunisikia nikipika kupitia dirishani. Begi lake lilikuwa na migebuka mikavu kutoka ziwani, imefungwa kwenye gazeti. Nikaiosha, nikaitia kwenye nyanya, na kwa kuwa nilikuwa nimempa mgongo, nikauliza. Nilisema, "Wifi yangu, mke wako, alinisamehe?"

Akacheka kabla hajajibu, kama zamani. "Yule? Yule alikuwa anataka kuondoka tangu siku ya kwanza. Alisema Kigali hata kutupa ganda la ndizi unatazama nyuma." Kisha akaacha. "Mimi ndiye nilikukasirikia. Miaka miwili, usifikiri ni mchezo. Nilisema, kwa nini hakufunga daftari yake?"

"Na baada ya miaka miwili?"

"Baada ya miaka miwili nilipata kazi ya bandarini, Kigoma, niko huko mpaka leo. Gasana alinipa barua siku nilipoondoka. Sikuisoma, nilikuwa na hasira, nikaiweka. Nilipoomba kazi ile ndipo nikaitoa. Iliandikwa mistari mitatu. Anajenga mashine vizuri. Anachelewa asubuhi. Aliniletea mwenyewe kosa ambalo lilikuwa linamsaidia yeye. Yule mzee wa bandari hakuniuliza cheti. Aliuliza tu, kosa gani? Nikamweleza, umuganda, mtaro, chai yako, yote. Akasema uanze Jumatatu."

Nilikoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa. Nikamwambia barua ilipaswa kunitaja mimi, maana yeye nilimletea. Akasema, "Wewe ulibaki naye. Barua ni ya mwenye anaondoka." Nikamuuliza barua iko wapi. Akasema iko Kigoma, mende wameila upande mmoja. Basi sina namna ya kuiona, wala ya kupima kama alisema hivyo ili kunifurahisha siku ya msiba. Nimeamua kumwamini. Si jambo ninalolifanya kirahisi. Na nimemshukuru Gasana leo kwa mara ya pili, baada ya ile ya makaburini, kwa kula isombe yake mpaka mwisho kabla ya kuamua lolote kuhusu sisi.

Jioni tumekula ubugari wa muhogo, migebuka ya nyanya na dodo, mchicha wa hapa. Tulikuwa wanne: Baba Keza, Keza, Bahati na mimi, na samaki walikuwa watano. Keza ananijua, alishasimama kuleta kisu tumgawe yule wa tano sawasawa. Bahati akasema, "Hapana kukata, mwanangu," akamnyanyua mzima, na kichwa chake, akamweka kwenye sahani yangu. Nikamla peke yangu, mpaka miiba.